Tarehe ilifika kabla ya hadithi: kisa cha Halloween 5

Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 1989, Halloween 5: The Revenge of Michael Myers iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Zilibaki siku 18 kufika sikukuu yenyewe, muda wa kutosha kwa filamu ya aina hii kuvuna chake. Ilivuna dola milioni 11.6 hivi nchini humo. Mfululizo huo leo una filamu 13, na katika soko la nyumbani hakuna hata moja iliyoingiza kidogo kuliko hiyo.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja nyuma mambo yalikuwa mazuri. Halloween 4, iliyotoka Oktoba 1988, ilianza ikiwa ya kwanza sokoni na ikamaliza na karibu milioni 17.8. Muuaji ni yuleyule, daktari anayemwinda ni yuleyule, mtoto anayewindwa ni yuleyule, hata mji uliopigiwa picha ni uleule, Salt Lake City huko Utah. Ndani ya miezi 12, theluthi nzima ya mapato ikayeyuka.

Maelezo ya haraka yapo, na hurudiwa kila filamu ya kutisha inapoanguka: watazamaji wamekinai. Hilo silipingi. Watu walikinai kweli mwaka ule, tena si kwa Halloween peke yake. Ninachouliza ni walikinai nini hasa. Kinyago kile cheupe kilichowachosha mwaka 1989 kiliwatoa tena majumbani mwaka 1998, na 2018 kikaingiza fedha ambazo hakikuwahi kuziona. Kama wangekuwa wamemchoka Michael Myers, muuaji anayekivaa, angelala moja kwa moja.

Nionavyo mimi, Halloween 5 iliuawa na kalenda. Ilitengenezwa kwa sababu Oktoba ilikuwa inakuja, na ili iwahi Oktoba ililazimika kukikana kitu bora kabisa ambacho filamu iliyotangulia ilikuwa imekiacha mezani.

Usiku ambao kinyago hakishangazi mtu

Halloween huangukia jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote. Huko Marekani watoto huvaa kama mizimu, wachawi au wahusika wa filamu, kisha hupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Maboga huchongwa macho na meno, yakawekewa mshumaa ndani. Kwa anayetengeneza filamu za kuchinjana huu ni usiku wa dhahabu: ndio pekee katika mwaka ambapo mtu mzima mwenye kinyago na kisu hukatiza mtaani na jirani akampungia mkono.

Mwaka 1978 wazo la kuutumia usiku huo lilitoka kwa mtayarishaji Irwin Yablans. Yeye alitaka filamu ya muuaji anayewawinda wasichana wanaobaki na watoto wa watu wazazi wakitoka, halafu akapendekeza yote yatokee usiku wa Halloween. John Carpenter na Debra Hill wakaandika, Carpenter akaongoza, na Moustapha Akkad akatoa fedha, dola 300,000 na ushee. Walipiga picha California katika majira ya kuchipua, miti ikiwa imejaa kijani, kwa hiyo majani makavu ya vuli yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, na baada ya onyesho yakakusanywa tena ili yatumike kwingine. Kinyago kilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner, bidhaa ya dukani isiyofika dola 2. Walikipaka nyeupe, wakapanua matundu ya macho. Filamu ikaingiza dola milioni 47 Marekani pekee.

Jina la Akkad linastahili kutusimamisha kidogo. Ni mzaliwa wa Aleppo, Syria, na ndiye aliyeongoza The Message ya 1976, filamu ya mwanzo wa Uislamu ambayo nyumba nyingi za pwani yetu zinaijua kuliko zinavyomjua Michael Myers. Aliipiga mara mbili, Kiarabu na Kiingereza, kwa waigizaji wakuu tofauti. Ni huyohuyo aliyeshika ufunguo wa Halloween kwa zaidi ya robo karne, mpaka alipouawa pamoja na binti yake katika mashambulizi ya mabomu kwenye hoteli za Amman, Novemba 2005. Nalitaja hili kwa sababu watu wana tabia ya kuwasema watayarishaji wa filamu hizi kana kwamba ni wachuuzi wasiojua sinema ni nini. Akkad alijua sinema. Uamuzi wa 1989 ulipita mikononi mwa mtu anayejua.

Mafanikio ya 1978 yaliwafungulia wengine mlango, na kalenda nzima ikavamiwa. Friday the 13th ikachukua tarehe ya mkosi mwaka 1980. My Bloody Valentine ikachukua siku ya wapendanao 1981. Krismasi ilikuwa imeshaguswa na Wakanada mwaka 1974 kwa Black Christmas, lakini mwaka 1984 Silent Night, Deadly Night ikamvalisha muuaji nguo za Santa Claus, wazazi wakaandamana, na filamu ikaondolewa kwenye kumbi. Hata siku ya wajinga ikapata yake, April Fool's Day, mwaka 1986.

Sikukuu humpa mtayarishaji tangazo la bure, na hilo kila mtu analiona. Humpa pia tarehe ya mwisho isiyosogezeka, na hapo ndipo shida inapoanzia. Filamu ya mapenzi ikichelewa wiki tatu kwa sababu mswada una matundu, hakuna anayejua. Filamu ya Halloween ikichelewa wiki tatu inaangukia Novemba, maboga yameoza, na maduka yameshatundika taa za Krismasi. Ukiikosa Oktoba, unasubiri mwaka mzima. Na mwaka mzima, kwa mtu aliyekwisha kuahidi filamu kwa wasambazaji, ni pesa inayolala.

Mkasi mkononi mwa mtoto

Carpenter na Hill waliuona mtego huu mapema. Halloween II ya 1981, ambayo wao waliandika na Rick Rosenthal akaongoza, ilimteketeza Michael kwa moto, na iliingiza milioni 25.5. Mwaka uliofuata wakaja na jambo la kijasiri: Halloween III bila Michael kabisa, hadithi ya mwenye kiwanda cha vinyago anayepanga kuua watoto kupitia tangazo la televisheni. Nia ilikuwa kila Oktoba iwe na kisa kipya chini ya jina lilelile. Laiti wangeanza hivyo tangu filamu ya pili, pengine ingekubalika. Lakini walikuwa wameshawafundisha watu kwamba Halloween ni Michael, na watu wakaenda kumtafuta, wasimwone. Milioni 14.4, kisha kimya cha miaka 6. Carpenter na Hill wakaondoka. Akkad akabaki na jina.

Halloween 4 ilirudi na Michael kwenye kichwa cha filamu chenyewe, The Return of Michael Myers, kama duka linalotangaza kuwa bidhaa ya zamani imefika tena. Alan B. McElroy aliuandika mswada kwa siku 11, akiwahi mgomo wa waandishi ulioanza Machi 1988. Siku 11! Kwa hiyo mtu asije akaniambia haraka peke yake ndiyo iliyoharibu filamu iliyofuata, maana hii nayo iliandikwa mbio na bado inasimama. Inasimama kwa sababu ina wazo moja na inalifuata hadi mwisho.

Wazo lenyewe ni Jamie Lloyd, msichana mdogo aliyechezwa na Danielle Harris. Ni binti wa Laurie Strode, yule msichana aliyenusurika mwaka 1978. Jamie Lee Curtis hakurudi, kwa hiyo hadithi inasema Laurie alikufa katika ajali ya gari. Mtoto analelewa na familia nyingine, ana dada wa kulea anayeitwa Rachel (Ellie Cornell), na shuleni wenzake wanamcheka kwamba mjomba wake ni zimwi. Michael, aliyekuwa amepoteza fahamu kwa miaka 10, anasikia ana mpwa, anaamka. Donald Pleasence, ndani ya koti lake la Dokta Loomis, uso una makovu ya moto, anamfuata kama mtu anayefukuza deni.

Halafu mwisho. Michael amepigwa risasi na kutumbukia kwenye shimo la mgodi. Watu wamerudi nyumbani, mama mlezi anaandaa maji ya kuoga. Kamera inapanda ngazi kwa macho ya mtu aliyevaa kinyago, kama ilivyofanya dakika za kwanza za 1978, pale Michael mwenye umri wa miaka 6, ndani ya vazi la kikaragosi, alipomuua dada yake. Mama anapiga yowe. Loomis anakimbilia ngazi, anatazama juu, na anaanza kulia “hapana” bila kuacha. Juu ya ngazi amesimama Jamie ndani ya vazi la kikaragosi, mkasi wenye damu mkononi. Loomis anainua bastola ampige mtoto, sherifu anamzuia. Skrini inakuwa nyeusi.

Ni mwisho wa ukatili, na ni mwisho wenye akili. Umekaa saa nzima na nusu ukimhurumia mtoto huyu, ukitaka aokolewe, na sasa ndiye wa kuogopwa. Mtazamaji wa 1988 alitoka ukumbini na swali moja tu: atakuwaje? Filamu ya tano ilikuwa imekwisha kujiandika nusu.

Mwaka wa usingizi

Picha za Halloween 5 zilianza kupigwa Mei 1989, miezi 7 tu baada ya ya nne kutoka. Mwongozaji alikuwa Dominique Othenin-Girard, Mswisi, na mswada haukuwa umekamilika kamera zilipoanza kuzunguka. Majina matatu yametajwa kwenye uandishi, na ukiitazama filamu unawasikia wote watatu wakivutana.

Dakika zake za kwanza zina kila kitu ninachotaka kukisema. Michael anatambaa kutoka kwenye shimo kabla halijalipuliwa, mto unambeba, anafika kwenye kibanda cha mzee anayeishi peke yake na kasuku wake. Anadondoka. Analala mwaka mzima. Mzee anamtunza mwaka mzima, bila kuita daktari, bila kuuliza huyu mwenye kinyago ni nani. Inapofika mkesha wa Halloween, Michael anafumbua macho, anamuua mzee, anachukua kinyago chake na kuondoka.

Kwa nini mwaka mzima? Hakuna sababu ndani ya hadithi. Sababu iko ukutani, kwenye kalenda: sikukuu huja mara moja, na filamu lazima itokee sikukuu. Filamu ya nne ilikuwa imeshamlaza kwa miaka 10, na ule usingizi ulikuwa na kazi, kwani ulieleza alikuwa wapi wakati Jamie anazaliwa na kukua. Huu wa pili kazi yake ni kufikisha tarehe tu. Ndiyo maana nausema kuliko kasoro nyingine zote: mtu amewekwa kitandani akisubiri siku ya kutoka kwa filamu yake.

Na Jamie? Ile ahadi ya ngazini imefutwa kwa sentensi chache. Mama mlezi hakufa. Mtoto si muuaji, alisukumwa tu na uovu wa mjomba wake kwa dakika ile. Sasa yuko kwenye kliniki ya watoto, hasemi, na kila Michael anapoua yeye anatetemeka kitandani kwa sababu anaona kile anachokiona muuaji. Mtoto aliyekuwa hatari amerudishwa kuwa mtoto wa kukimbizwa, kazi aliyoimaliza vizuri mwaka uliopita. Danielle Harris anaifanya tena kwa moyo wote, na ndiye anayeibeba filamu. Kuna onyesho ambalo amejificha ndani ya mfereji wa kudondoshea nguo chafu, na kisu kinatoboa bati mara juu, mara chini, huku akijaribu kupanda kwa viwiko. Sioni aibu kusema ni miongoni mwa maonyesho bora ya mfululizo mzima. Lingekuwa kwenye filamu nyingine lingesifiwa hadi leo.

Kisha Rachel. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua stelingi hafi mapema, na akifa, kifo chake lazima kilipe kitu. Rachel aliipigania Halloween 4 kwa kucha na meno: alipanda juu ya paa na mtoto, akaendesha gari na muuaji akiwa juu yake. Hapa anauawa mapema, peke yake nyumbani, na filamu inaendelea na safari zake bila kumlilia. Nafasi yake inachukuliwa na Tina, rafiki mwenye kelele na sherehe nyingi, ambaye hatukuwa na sababu ya kumjali na hatupewi. Kuua mhusika mpendwa si kosa, filamu hizi zinaishi kwa hilo. Kosa ni kumuua kama mtu anayepunguza mizigo kwenye gari.

Yaliyobaki nitayapitia haraka maana yameshasemwa na kila shabiki. Nyumba ya akina Myers, ambayo mwaka 1978 ilitisha kwa kuwa ya kawaida kama ya jirani yako, imegeuka jumba kubwa la minara. Kinyago kina shingo iliyochanua kana kwamba kimenunuliwa saizi isiyo yake. Kuna polisi wawili wachekeshaji wanaosindikizwa na milio ya vikatuni. Na Michael anatoa chozi. Chozi lenyewe lingeweza kuwa jambo zito, mpwa akimwita mjomba na kumwomba avue kinyago, lakini halina pa kwenda, linakauka hapohapo.

Halafu kuna yule mtu mwenye nguo nyeusi. Anashuka kwenye basi mjini Haddonfield, mji wa hadithi hii, buti zake zina ncha za chuma, uso hatuuoni, na mkononi ana alama ileile aliyonayo Michael. Anapitapita. Mwishoni Michael amekamatwa na kufungiwa kituoni, na mtu huyu anaingia na bunduki, anawamaliza polisi, anamtoa. Jamie anakuta seli tupu. Mwisho. Ni nani? Waliompiga picha hawakuwa na jibu. Alichezwa na Don Shanks, aliyekuwa pia ndani ya kinyago cha Michael, kwa sababu ilihitajika miguu na koti tu. Jibu aliachiwa atakayekuja, na aliyekuja alichukua miaka 6. Halloween ya sita, ya 1995, ililazimika kubuni kundi la siri la waabudu ili kumpa mtu huyu jina na kazi, ikamrudisha Jamie akiwa na mwigizaji mwingine na kumuua mapema, na bado ikatoka katika matoleo mawili yanayopingana. Deni la filamu moja lilifilisi mbili.

Wikiendi ya kwanza Halloween 5 ilipata zaidi kidogo ya dola milioni 5, ikashika nafasi ya pili. Ya kwanza ilikuwa Look Who's Talking, komedi ya mtoto mchanga anayewaza kwa sauti ya Bruce Willis. Baada ya siku hizo tatu ilikuwa imekwisha kukusanya karibu nusu ya fedha zake zote. Waliokwenda hawakuwatuma wenzao.

Wauaji watatu ndani ya wiki 11

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Mwaka 1989 ulikuwa mbaya kwa kila mwenye kisu. Tarehe 28 Julai Friday the 13th ilitoa ya nane, Jason Takes Manhattan (Jason ndiye muuaji wake), filamu inayoahidi New York na kukaa muda mwingi melini. Milioni 14.3, kutoka 19.2 za mwaka uliotangulia. Tarehe 11 Agosti ikaja A Nightmare on Elm Street ya tano: milioni 22.2, wakati ya nne mwaka 1988 ilipata 49.4. Wote watatu walikuwa na filamu mwaka 1988, wote watatu wakarudi 1989, na Michael alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Freddy, muuaji wa Elm Street, alikuwa hata na kipindi chake cha televisheni. Ongeza maduka ya kukodisha kanda za video, ambako kijana angeweza kuchukua filamu zote zilizotangulia na kuzitazama nyumbani na wenzake, na utaelewa kwamba tiketi ya Oktoba ilikuwa na washindani wengi.

Lakini foleni hiyo nayo ilipangwa na kalenda. Kila mmoja alirudi baada ya takribani mwaka kwa kuwa mwaka ulikuwa umepita.

Ukiziweka namba za Halloween pamoja, mchoro unajirudia kupita kiasi kuwa bahati mbaya. Ya 1978 milioni 47, inayofuata 25.5. Ya 1988 milioni 17.8, inayofuata 11.6. Mwaka 1998 Jamie Lee Curtis alirudi kama Laurie kwa mara ya kwanza tangu 1981, filamu ikapata 55, na ya 2002 ikapata 30. Mwongozaji Rob Zombie alianza upya 2007 kwa 58, mwendelezo wake wa 2009 ukapata 33. Mwaka 2018, baada ya mapumziko ya miaka 9, milioni 159. Ya 2021 ikapata 92, ya 2022 ikapata 64. Hizi mbili za mwisho zilioneshwa siku hiyohiyo kwenye huduma ya mtandaoni ya Peacock, na ya 2021 ilikuwa bado ndani ya kivuli cha korona, kwa hiyo usizilinganishe kwa rula. Hata hivyo mwelekeo haujifichi. Anaporudi baada ya kukosekana, watu wanakuja. Akiwarudia, wanapungua kwa theluthi au karibu nusu.

Mtu atasema: mbona kufuta hakukuwachukiza 1998, wakati filamu hiyo ilizitupa ya nne, ya tano na ya sita, Jamie akiwemo? Na ya 2018 ikatupa kila kitu isipokuwa ya kwanza? Kweli. Ila zile zilikuja na ofa ya wazi: tuanze upya, Laurie yupo, hesabu za zamani zimefungwa. Halloween 5 ilifuta ikiwa inajidai kuendeleza. Ilichukua kitu ambacho watu walikuwa bado wanakibishania mwaka mmoja tu baadaye, ikawaambia hawakukiona walichokiona. Aliyefanyiwa hivyo mara moja huwa mgumu kununua tiketi ya mwisho unaofuata.

Kuna pingamizi zito zaidi, na nimelifikiria sana. Halloween Ends ya 2022 ilifanya kile ambacho 1989 ilikiogopa: ilimpa uovu mtu mwingine. Kijana Corey Cunningham anachukua sehemu kubwa ya filamu, Michael amejificha kwenye mfereji wa maji machafu akiwa dhaifu, na watazamaji wengi walikasirika. Je, haioneshi kwamba Akkad alikuwa sahihi, kwamba hadhira haitaki muuaji ila yule?

Sidhani. Corey aliletwa katika filamu ya tatu ya awamu ile, filamu ambayo jina lake lenyewe liliahidi pambano la mwisho la Laurie na Michael. Alikalia kiti cha mtu mwingine. Jamie alikuwa na kiti chake: tulimpenda kwanza, mkasi ukaja baadaye. Na kuhusu kalenda, filamu iliyotangulia hiyo, Halloween Kills, ilikuwa itoke Oktoba 2020. Janga lilipozuia, haikusogezwa miezi mitatu wala sita kama nyingine. Ilisogezwa hadi Oktoba 2021, na Ends nayo ikasukumwa mwaka mzima hadi Oktoba 2022. Kwa awamu ile hakukuwa na mwezi mwingine.

Uvumilivu huo ndio ambao 1989 haukuwepo, na ungelipa. Mwaka 1990 mzima haukuwa na filamu ya Jason wala ya Freddy. Freddy hakurudi hadi Septemba 1991, Jason hadi 1993. Chucky, mwanasesere muuaji wa Child's Play 2, alingoja hadi tarehe 9 Novemba 1990. Oktoba ile uwanja wa wauaji wakubwa ulikuwa mtupu, na mswada wa Jamie ungekuwa umepata miezi 12 zaidi ya kuandikwa.